Mama alipata kansa ya titi, je nimwachishe binti yangu kunyonya?

Swali: Habari daktari. Mama yangu alipata kansa ya titi akiwa na miaka 61, na mimi alininyonyesha mwenyewe. Nimeona watu wanasema kansa hiyo inaletwa na virusi vinavyopita kwenye maziwa. Nina binti wa miezi minne, nimwachishe? Na kipimo cha hicho kirusi kipo?

Jibu: Pole sana na mama, dada yangu. Usimwachishe mtoto, nyonyesha tu, nakwambia mwanzoni kabisa ili usome mengine ukiwa umetulia. Mie sio wa wodini, ni wa maabara, vile vinyama wanavyokata kwa mgonjwa ndio vinaletwa kwetu, kwa hiyo ntakujibu kutokea huko.

Hiyo habari ya maziwa ina ukweli ila ni ya panya. Mwaka 1936 huko Bar Harbor, Marekani, John Bittner alikuwa na panya wa ukoo ambao majike wengi walikuwa wanapata uvimbe wa matiti, akachukua vitoto vyao vikiwa vimezaliwa tu akavipeleka kunyonya kwa panya wa ukoo mwingine usiosumbuliwa na kansa, na vilipokua uvimbe ukapungua sana. Baadaye ikathibitika kwamba ndani ya yale maziwa kulikuwa na kirusi, kinaitwa MMTV.

Na virusi kuleta kansa kwa binadamu sio hadithi, hata huku kwetu. Kirusi cha Epstein-Barr kilionekana mara ya kwanza mwaka 1964 London, kwenye seli za uvimbe wa mtoto uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi cha HPV na kansa ya mlango wa kizazi, cha hepataitisi B na kansa ya ini, hizo hazina ubishi tena.

Sasa titi. Mwaka 1995 Beatriz Pogo na wenzake huko New York walitoa matokeo kwamba kipande cha DNA kinachofanana na cha MMTV wamekikuta kwenye kama asilimia 38 ya uvimbe 314, wakati kwenye matiti yasiyo na kansa ni kama asilimia 2 tu. Watu wakasisimka! Maabara nyingine zikatafuta, baadhi zikaona, nyingine patupu. Mwaka 2015 Gertrude Buehring wa Berkeley naye akaja na kirusi cha ng'ombe, BLV, ikawa hivyo hivyo, wengine wakitafuta hawakioni.

Kwa nini majibu yanapishana hivi? Hapa ndio kwenye kazi yenyewe. Kinyama kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba mno kwa wembe wa mashine, halafu kipimo cha PCR kinakopi DNA mara mamilioni kwa mamilioni, yaani chembe ikibaki kwenye wembe kutoka kwa mgonjwa wa kwanza basi wa pili naye anaonekana anacho, na DNA ya panya iko mpaka kwenye baadhi ya dawa za maabara. Ndio maana maabara makini inakata nta tupu isiyo na nyama katikati ya wagonjwa wawili na kuipima pamoja nao, nta tupu ikionyesha kirusi, matokeo yote tupa kule. Sio kitu kidogo hiki, kirusi kingine cha jamii ya panya, XMRV, kilitangazwa 2009 kuwa kinahusiana na ugonjwa wa uchovu sugu, kumbe ni uchafu wa maabara, na 2011 ile ripoti ikafutwa.

Halafu hata kirusi kikiwepo kweli, kiko kwenye seli gani? Epstein-Barr watu wazima karibu wote tunacho, kinajificha kwenye seli za kinga, na seli hizo zinaingia ndani ya uvimbe, kwa hiyo ukisaga kinyama chote utakiona tu na hakina kosa lolote. Kwenye mlango wa kizazi tunaona jeni za HPV zinafanya kazi ndani ya seli za kansa zenyewe. Na walipokuja kusoma DNA yote ya uvimbe kwa mashine kubwa, HPV ilijitokeza pale pale, hepataitisi B kwenye ini nayo, kwenye titi hakuna cha maana.

Linalonishawishi mie zaidi ni hili: watu wenye VVU na waliopandikizwa figo kinga yao iko chini, na kwao kansa za virusi zinapanda sana, kansa ya Kaposi, limfoma (kansa ya tezi za kinga), mlango wa kizazi. Ya titi haipandi.

Kuhusu kunyonya, waliolinganisha wanawake walionyonya utotoni na wasionyonya hawakuona walionyonya wakipata kansa zaidi. Tena wewe unayenyonyesha unafaidika, uchambuzi mkubwa wa 2002 wa nchi 30 ulionyesha kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari yako kwa kama asilimia 4.

Kipimo cha kirusi cha titi hakuna hospitali inayokitoa, akija mtu kukuuzia usimpe hela. Wewe waulize upande wa mama kama kuna shangazi zake, dada zake au bibi aliyepata kansa ya titi kabla ya miaka 50, au ya ovari umri wowote, na wakiwepo mwambie daktari wako habari za BRCA, yaani vinasaba vya kurithi ambavyo vikiwa na kasoro vinaongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari.