Nusu marathoni: mbona kigimbi kilikaza kilomita ya 17?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 41, kilo 71, naishi Kisasa hapa Dodoma. Wiki mbili zilizopita nilikimbia nusu marathoni (kilomita 21.1), njia ya kwenda na kurudi, tulianza saa 12:30 asubuhi. Nilitaka kumaliza kwa saa 1 na dakika 55 (1:55). Kilomita 5 nilipita kwa 25:40, 10 kwa 52:30, 15 kwa 1:21:20, 20 kwa 1:53:50, nikamaliza kwa 2:01:09, muda wa chipu, unaohesabiwa tangu nilipovuka mstari wa kuanzia. Kilomita ya 17 kigimbi cha kulia kilikaza mpaka nikasimama. Saa yangu ilisoma kilomita 21.4. Nafanya mazoezi siku 3 kwa wiki, jumla kama kilomita 28, na mbio yangu ndefu kabisa ilikuwa 14. Muda wangu bora wa kilomita 10 ni 53:30, wa miezi miwili nyuma. Kila kituo nilikunywa maji matupu. Wenzangu wanasema ni upungufu wa chumvi, mimi naulaumu upepo wa wakati wa kurudi. Baada ya wiki 10 nakwenda kukimbia Dar es Salaam. Kule pwani hewa ni nzito kuliko huku juu, si nitakuwa na kasi zaidi?

JIBU: Asante kwa kuleta namba zote. Wengi huleta muda wa mwisho tu, na huo peke yake hausemi mbio iliharibika wapi. Zako zinasema.

Weka namba mbili pamoja. Muda wako bora wa kilomita 10 ni 53:30. Katika nusu marathoni ulipita alama ya 10 kwa 52:30. Ulivunja rekodi yako mwenyewe kwa dakika nzima, na kilomita 11 zilikuwa bado zinakusubiri. Kilichotokea kilomita ya 17 kilishaandaliwa kabla hujafika kilomita ya 5.

Kuna kanuni ya mhandisi wa Marekani, Peter Riegel, ambayo wakimbiaji wameitumia kwa miaka mingi kukadiria muda wa umbali mrefu kutokana na mfupi. Kwa nusu marathoni inakuwa rahisi: zidisha muda wako wa kilomita 10 kwa 2.21. Yako inatoa takriban 1:58. Ili 1:55 iwe lengo la haki ulihitaji kilomita 10 kwa dakika 52 kamili. Tena hata hiyo 1:55 inataka mwendo wa 5:27 kwa kilomita, na wewe ulianza na 5:08.

Sasa tupige hesabu ya 1:58, ambayo ni 5:36 kwa kilomita, yaani 28:00 kwa kila kilomita 5. Kilomita 5 za kwanza ulikuwa mbele kwa 2:20. Tano za pili ukaongeza 1:10. Ulifika kilomita ya 10 ukiwa na akiba ya dakika 3 na nusu. Tano za tatu ulipoteza sekunde 50, za nne ukapoteza 4:30, na kile kipande cha mwisho 1:10. Jumla 6:30. Huo ni mkopo wa kausha damu: umechukua dakika 3 na nusu, umerudisha 6 na nusu. Mwili unatoza hivyo kwa sababu ukivuka mwendo unaoweza kuuhimili, unachoma wanga uliohifadhiwa kwenye misuli kwa haraka zaidi, joto la mwili linapanda mapema, na nyuzi za misuli zilizotakiwa kupumzika mpaka mwishoni zinaitwa kazini tangu mwanzo. Zikichoka hakuna za kuzipokea.

Upepo? Umechangia, ila si kwa namna unayofikiri. Kama ulikuwa usoni wakati wa kurudi, basi wakati wa kwenda ulikuwa mgongoni, na ndiyo maana 5:08 ilionekana nyepesi. Upepo wetu wa mashariki wa miezi ya kiangazi huwadanganya wengi hivyohivyo. Ukiwa na upepo nyuma, jipime kwa pumzi: kilomita 5 za kwanza uwe unaweza kusema sentensi ya maneno manane bila kukatika. Ukikatika, punguza, hata kama watu wanakupita. Ukigeuka na kukutana na upepo, jifiche mita moja nyuma ya kundi, usipambane nao peke yako.

Kigimbi nacho. Mwili ungekuwa na upungufu wa chumvi, ungetarajia misuli mingi ilalamike, si mmoja ulio kwenye kazi kubwa zaidi. Maelezo yanayokubaliana zaidi na hali yako ni uchovu: msuli uliochoka hupokea zaidi amri ya kukaza kuliko ya kulegea. Mbio yako ndefu ilikuwa 14, na mwendo wako ulianza kuanguka kati ya 10 na 15, ukaporomoka baada ya hapo. Vigimbi vyako havikuwahi kufika huko. Kikikaza tena, simama, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa sekunde 20 hadi 30, tembea dakika moja, kisha rudi kwa mwendo wa chini. Lakini kama maumivu yalikuja ghafla kama umepigwa jiwe, na siku iliyofuata ukaona wekundu au weusi chini ya ngozi, hapo msuli umechanika. Acha kukimbia na uende ukapimwe. Na tafadhali usimeze vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya mbio, kama baadhi wanavyofanya. Mwili uliopungukiwa maji ukiongezewa dawa hiyo, figo ndizo zinazoumia.

Ili kuimarisha vigimbi: simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, kisigino kikining'inia. Panda kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Fanya seti 3 za mara 12 goti likiwa limenyooka, na seti 3 goti likiwa limekunjwa kidogo. Hizi za goti lililokunjwa ndizo wengi wanazoziruka, na ndizo zinazofika kwenye msuli wa ndani, ule unaobeba kazi kubwa mtu anapokimbia. Mara 2 kwa wiki, si siku moja kabla ya mbio ndefu.

Kuhusu maji, usikisie. Dodoma hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na unachokuta ni chumvi nyeupe kwenye fulana. Jipime uzito bila nguo, kimbia dakika 60, jifute, jipime tena. Mfano: umetoka na 71.0, umerudi na 69.9, njiani umekunywa mililita 300. Umepoteza lita 1.4 kwa saa. Huna haja ya kurudisha yote. Lenga upungufu usizidi asilimia 2 ya uzito, kwako ni kama kilo 1.4. Kwa mbio ya saa 2, mfano huo unataka mililita 700 kwa saa. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi, na maji matupu mengi ni hatari kwa sababu yanazimua chumvi ya damu.

Kilichokosekana kwako zaidi ni sukari. Mbio inayozidi dakika 90 inahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Kwenye lita 1 ya maji weka vijiko vidogo 12 vya sukari vilivyosawazishwa na robo kijiko kidogo cha chumvi. Chupa ya nusu lita inakupa gramu kama 24. Ongeza vifuko viwili vya zabibu kavu, gramu 30 kila kimoja, na huku kwetu hazitafutwi mbali. Kimoja kilomita ya 6, kingine ya 12, kila mara ukisindikiza na maji. Jaribu kwanza kwenye mazoezi. Tumbo lisilozoea litakusimamisha mapema kuliko kigimbi. Usiku wa kuamkia mbio acha maharage na mlenda, kula wali au ugali.

Saa kusoma 21.4 si ajabu. Njia zinazopimwa kwa kanuni za kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kipimo kilichohakikiwa, kwa mstari mfupi kabisa, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona. Ukipita kona kwa nje na kuhamahama kuwapita watu, unaongeza mita, na jipiesi (GPS) ya saa nayo inaongeza makosa yake. Madhara yake ni haya: ukishikilia 5:27 ya kwenye saa kwa kilomita 21.4, unamaliza kwa 1:56:38, si 1:55. Zima kwenye saa kipimo kinachohesabu kila kilomita chenyewe, bonyeza kitufe mwenyewe kwenye kila kibao cha kilomita cha njiani.

Dar es Salaam sasa. Dodoma tuko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni kweli pwani kuna nafuu kidogo ya oksijeni. Unyevu wa pwani unaila nafuu hiyo yote na kudai zaidi, kwa sababu jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ongeza dakika 2 hadi 3 juu ya muda unaoustahili hapa.

Kwa wiki hizi 10 ongeza siku ya nne, ya taratibu. Mbio ndefu ziende hivi: 14, 16, 17, 13, 18, 19, 15, 20, 14, kisha mbio yenyewe. Mwendo wake 6:30 hadi 7:00, isipokuwa zile za 18 na 20, ambazo kilomita 4 za mwisho utashuka hadi 5:36. Katikati ya wiki, mara moja, dakika 15 mara mbili kwa 5:30, ukipumzika dakika 3 katikati. Milima ya kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ni mizuri kwa siku ya taratibu, si kwa siku hii ya kasi. Wiki ya 7, ile ya 15, badala yake jipime kilomita 10. Ukipata 53:00, unastahili 1:57 Dodoma, na Dar lenga saa 2 kamili.

Saa 2 kamili iendeshe hivi: kilomita 3 za kwanza kwa 5:50 kila moja, kisha 5:40 mpaka kilomita ya 16. Jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo tarehe 15 Septemba 2025 kwa 2:09:48, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mita za mwisho ndani ya uwanja, tofauti sekunde 0.03, mpaka hapo alikuwa amevumilia ndani ya kundi. Wewe uvumilivu wako uishie kwenye kibao cha 16, saa ikisoma 1:31:10. Kama bado sentensi ya maneno matano inatoka, shuka hadi 5:30 na utamaliza kwa 1:59:12. Kama haitoki, baki na 5:39. Hiyo nayo inakufikisha kwa saa 2.