Nasoma kila siku, mtihanini sikumbuki

SWALI: Asalaam aleikum. Niko mwaka wa pili, nasomea uhasibu katika chuo kimoja hapa Mombasa. Kila jioni nikirudi Likoni kwa feri hupitia noti zangu mara tatu au nne na kuzipaka rangi ya manjano. Nyumbani naona nimeelewa, lakini mtihanini yote yameyeyuka. Nifanyeje? – Binti wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, binti yetu. Bidii unayo; kasoro ni huko kurudia kusoma. Mara ya nne macho yameshauzoea ukurasa, nawe unadhani kuuzoea ndiko kuujua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwasomesha wanafunzi wa chuo kifungu kimoja. Baadhi walikisoma tena. Wengine wakakifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka asilimia 56, wenzao 42.

Basi jioni ya siku ya somo funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike kwa dakika 10 kila unachokumbuka. Halafu lifungue, uongeze kwa kalamu nyekundu yaliyokutoroka. Hayo mekundu ndiyo ya kusomwa. Yageuze kuwa maswali 5 au 6 kwenye kadi, jibu likae nyuma. Mfano ni urari, yaani orodha ya kulinganisha jumla za debiti na krediti: usijiulize "urari ni nini?", hilo ni la kukariri. Jiulize: "Urari umelingana, makosa gani bado yanaweza kujificha ndani yake?" Rudia kadi baada ya siku 2, kisha wiki, kisha wiki 3. Foleni ya feri inazifaa sana.

Wengi huharibu kwa kuchungulia: wakikwama kidogo tu, kadi imeshageuzwa. Vumilia nusu dakika, ulitamke au uliandike jibu kwanza. "Hili nalijua" ya kimoyomoyo haihesabiki. Wiki za mwanzo utakosa mengi na utatamani kurudia rangi yako ya manjano, usirudi.

Hesabu ni za mezani, si za feri. Fanya mitihani ya nyuma majibu yakiwa mbali, na uchanganye mada, kwani ukifanya maswali kumi ya uchakavu wa mali mfululizo, njia umeshaijua kabla hujasoma swali, na mtihani hautakupa fununu hiyo.

Simu ikae chumba kingine. Joto la Machi likikushinda usiku, hamishia kikao baada ya swala ya alfajiri. Dakika 40 zatosha kwa karatasi moja na kadi zake.