Wadogo zangu, kabla hamjagawa diski

Wiki hii nimeletewa laptopu mbili, na mojawapo ina ugonjwa niliougua mimi mwenyewe. Ninyi mnaotaka kuweka mifumo miwili ya Linux kwenye kompyuta moja, naomba mnisikilize kabla hamjafungua GParted, programu ya kugawa diski.

1. Bekapu kwanza, kwenye diski ya nje.

2. Tumieni GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. MBR, ule wa zamani, ina patisheni (vipande vya diski) kuu nne tu. Patisheni ya EFI, yenye faili za kuwashia mifumo, inatosha moja kwa mifumo yote; mkiweka mfumo mpya msiifomati.

3. /home (mahali pa faili zako binafsi) ya pamoja. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na mifumo miwili ya Linux, Debian na Fedora, kila moja na swapu yake (patisheni ya kusaidia kumbukumbu, RAM), ila /home ni moja. Usiku mmoja umeme ulikuwa unakatika kila mara, nikailaza Fedora ule usingizi wa kuhamishia kumbukumbu yote kwenye swapu. Asubuhi, kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, nikachagua Debian, nikaandika ripoti ya mradi hadi adhuhuri. Jioni nikarudi Fedora. Ikaamka vizuri, madirisha yote yako vilevile. Kumbe kichwani mwake bado ina /home ya jana, haina habari kwamba mwenzake amepita humo. Ikaanza kuhifadhi vitu palepale Debian ilipoweka kazi yangu. Nilipowasha tena, fsck, programu ya kukagua na kurekebisha diski, ikauliza maswali mfululizo, nami nabonyeza y, y, y. Folda ya mradi haikuwepo. Ndani ya lost+found, folda ya mabaki yaliyookolewa, nikakuta faili zenye majina ya namba tu, #131084 na nduguze, nikazifungua moja moja mpaka alfajiri. Ripoti sikuipata, na ilitakiwa asubuhi hiyo. Jamani, mfumo ukiwa umelala hivyo, usiwashe mwingine unaogusa patisheni ileile. Zima kabisa!

4. Mkishirikisha swapu, mfumo mpya ukiifomati, UUID (namba yake ya utambulisho) hubadilika, na ule wa zamani unakaa sekunde 90 ukiisubiri kila unapowaka. Rekebisheni UUID hiyo kwenye /etc/fstab ya ule wa zamani, faili yenye orodha ya patisheni zake.

5. Mfumo wa pili usipoonekana kwenye menyu, haujafutika. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, os-prober, programu inayotafuta mifumo mingine ili iingie kwenye menyu, huja imezimwa. Wekeni GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, kisha endesheni amri ya update-grub. Mwenye ile laptopu ya pili hakulijua hilo. Nilimkuta ameshachomeka fleshi, amefika kwenye ukurasa wa kufomati, kidole kiko juu ya Enter. Nikamwambia, mdogo wangu, toa mkono hapo, Debian yako ipo.