ULIZA TUKUJIBU: Amiba wanaoitana njaa ikiingia

Toleo lililopita kwenye kona hii tuliandika aya moja tu, tena fupi, kuhusu amiba wa kijamii, vile viumbe vya seli moja vinavyoishi kwenye udongo vikila bakteria, kila mmoja kivyake, alafu chakula kikiisha wanakusanyika maelfu kwa maelfu wanakuwa kitu kimoja. Tukajua itapita kimya kimya. Wapi! Meseji zimekuja nyingi kuliko hata zile za bei ya alizeti, na nyingi zimetoka hapahapa Dodoma na wilaya zake, kwa hiyo leo kona yote tumewaachia wao.

Habari za kazi. Mwanangu wa kidato cha pili kaja na gazeti lenu ananiambia kuna amiba kwenye udongo wa shamba. Mimi kila nikipimwa tumbo naambiwa nina amiba, mara amiba na taifodi. Ndo hao hao? Maana nina mdogo wao hapa kushika udongo ndo kazi yake.
*Mama wa wawili, Kikuyu, Dodoma*

Hapana mama, siyo hao. Anayesumbua tumbo anaitwa Entamoeba histolytica, anaingia kwa maji au chakula kilichoguswa na uchafu wa choo, ndo maana tunaambiwa kila siku tuchemshe maji na tunawe. Hawa wa kwenye udongo shida yao ni bakteria tu, tumboni kwa mtu hawana kazi. Ila ukoo ni mmoja, wote wapo kwenye kundi kubwa linaloitwa Amoebozoa, na wala siyo mbali sana ndani ya kundi hilo. Ndugu ndo walivyo, mmoja mkulima mmoja mwizi. Mtoto anawe mikono kwa sababu zile za siku zote, siyo kwa sababu ya hawa.

Nawasalimu wote. Mimi ni mzee mfugaji. Mwaka huu mvua zilipokolea, kwenye gogo lililooza nyuma ya zizi nikaona kitu cha njano kimemwagika kama uji, kesho yake kimehama kimepanda juu ya gogo, keshokutwa kimekauka kinatoa vumbi. Wajukuu wanasema mkosi. Ndo amiba wenu hao?
*Mzee wa Kongwa*

Shikamoo mzee wangu. Hicho hakina mkosi, na wala hukukosea kuona kinahama, kweli kinatembea, ila taratibu mno, ukikikodolea macho huoni kitu, ukiondoka ukarudi unakuta kimehama. Kwa jinsi ulivyoeleza inaelekea ni Fuligo septica au mwenzake wa karibu, wapo sehemu nyingi duniani na wazungu wengine wanakiita matapishi ya mbwa, samahani kama ulikuwa mezani. Lile vumbi ni spora zake, ndo mbegu.

Sasa huyo ni binamu wa hawa wetu, siyo wao. Tofauti ni hii: ule uji wako wa njano wote ni seli moja kubwa yenye viini maelfu ndani, hakuna ukuta katikati. Amiba wa kijamii hata wakikusanyika laki moja kila mmoja anabaki na ngozi yake. Chukulia karanga zilizosagwa kwenye ndoo, alafu chukulia karanga kwenye gunia, gunia linaonekana kitu kimoja lakini ukilifungua kila punje ipo. Na hawa wa gunia ni wadogo sana mzee, wasingekusimamisha hata ungepita na tochi.

Mhariri, notisi zangu za zamani zinasema hawa ni fangasi, kitabu kipya kinasema protista, na juzi mwanafunzi kanionyesha kwenye simu kwamba hata majina yamebadilishwa. Nifundishe lipi nisije nikaumbuka?
*Mwalimu wa baiolojia, Mpwapwa*

Mwalimu, hujakosea, umechelewa tu kama wengi wetu, na kosa lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1869 Mjerumani Oskar Brefeld, mtaalamu wa fangasi, alikuta kwenye mavi ya farasi vinywele vidogo vyenye kichwa juu, akakiita kiumbe hicho Dictyostelium mucoroides. Hilo neno la pili maana yake ni kinachofanana na Mucor, na Mucor ni ule ukungu wa kwenye mkate uliolala. Yaani jina lenyewe linasema huyu kafanana na fangasi, na kweli kafanana, lakini ndo kufanana tu. Brefeld aliziona amiba zikikusanyika ila akadhani zinayeyuka zinakuwa uji mmoja kama ule wa mzee wa Kongwa, mpaka Mfaransa Van Tieghem alipoonyesha mwaka 1880 kwamba kila seli inabaki peke yake, na Brefeld mwenyewe akaja kukubali mwaka 1884. Hapo namheshimu, siyo kila mtu angerudi kusema alikosea.

Baadae majina yakapangwa kwa sura. Kikonyo, yaani kile kinywele wanachojenga wakishakusanyika kubeba kichwa cha spora, kikiwa kimoja au chenye matawi yasiyo na mpango, wewe ni Dictyostelium. Matawi yaliyozunguka kikonyo kwa duara duara, Polysphondylium. Kikonyo kisicho na seli ndani, ni bomba tu, Acytostelium. Mpango mzuri kwa macho, unafundishika, na ulidumu muda mrefu kweli, Mmarekani Kenneth Raper aliyemleta yule maarufu wa maabara, Dictyostelium discoideum, mwaka 1935 kutoka kwenye majani yaliyooza ya msitu wa North Carolina, alifanya kazi humo humo.

Alafu ikaja DNA ikavuruga meza. Mwaka 2006 Pauline Schaap wa Chuo Kikuu cha Dundee kule Uskoti na wenzake walilinganisha jeni za karibu spishi zote zilizokuwa zinajulikana, wakakuta makundi manne, na makundi hayo hayafuati sura hata kidogo. Waliokuwa wanaitwa Dictyostelium walikuwa wametawanyika huku na huku, na Polysphondylium nao wakagawanyika, yule wa zambarau yuko sehemu moja na wale weupe sehemu nyingine kabisa, yaani yale matawi ya duara hayakuwa ushahidi wa undugu. Ni sawa na kwenda mnadani ukasema ng'ombe wote wenye baka jeupe usoni wametoka zizi moja.

Mwaka 2018 ndo wakabadilisha majina yenyewe, ndo hayo mwanafunzi wako kayaona. Sasa kuna oda mbili, yaani makundi makubwa, Acytosteliales na Dictyosteliales, na jenasi 12, yaani makundi madogo ya spishi za karibu. Polysphondylium pallidum leo anaitwa Heterostelium pallidum, na kuna jenasi zimepewa majina ya wazee wa kazi hii, Raperostelium, Tieghemostelium, Cavenderia. Discoideum kabaki na jina lake, nashukuru, nilikuwa nimeshalizoea.

Kwa hiyo darasani sema hivi: siyo fangasi, siyo mimea, siyo wanyama, ni Amoebozoa, na tawi hilo liko karibu zaidi na wanyama na fangasi kuliko mimea. Neno protista lina nafasi yake ila ni kapu tu, tunatupia humo kila kisichojulikana kikae wapi. Na kama una dakika tano za ziada waambie na hili, mimi ndo linanifurahisha kuliko yote: tabia ya kukusanyika na kujenga kikonyo haikuanza mara moja. Yupo Acrasis, anafanya karibu yale yale, lakini ukoo wake uko mbali kabisa na Amoebozoa. Yupo Fonticula alba, huyo ndugu zake wa karibu ni fangasi kweli. Kila mmoja alifika hapo kwa njia yake.

Mambo. Nauliza kuhusu mageuko. Nimesoma kwamba wakijenga kikonyo, waliopo kwenye kikonyo wanakufa ili wa juu wawe spora. Uteuzi asilia unaruhusu vipi hilo, si waliojitoa wangeisha wakabaki wajanja tu? Na hiyo tabia ya kuitana ilitoka wapi?
*Mwanafunzi, Ng'hong'hona*

Poa mdogo wangu, swali lako ni zito, ngoja nianze na la pili maana la kwanza litaeleweka baadae.

Kwa discoideum kuitana kunakwenda hivi. Chakula kikiisha, seli chache zinatoa kemikali inayoitwa sikliki AMP, jirani akiisikia anafanya mambo mawili, anasogea kule ilikotoka, na yeye mwenyewe anaitoa. Wewe umekulia huku unaijua hii, ni yowe. Ng'ombe wakiibiwa nyumba ya kwanza inapiga yowe, ya pili ikisikia inakimbilia kule huku nayo inapiga, mpaka kijiji kizima kiko mahali pamoja. Kwa hawa mawimbi yanapita karibu kila dakika 6. Kwamba kuna kemikali inawaita, John Tyler Bonner alilionyesha mwaka 1947, ila kujua ni sikliki AMP ilichukua miaka 20, mwaka 1967.

Sasa utamu uko hapa. Kati ya yale makundi manne ya DNA, discoideum yuko la nne. Makundi mengine matatu hayaitani kwa sikliki AMP mwanzoni, na Polysphondylium wa zambarau naye ana kemikali yake inaitwa glorini. Lakini wote wanaitumia sikliki AMP mwishoni, wakati wa kujenga kikonyo na spora. Kwa hiyo maelezo ya kina Schaap ni kwamba kemikali hii ilianza zamani kwa kazi nyingine, ndani ya amiba wapweke, kuwaambia hali ni mbaya jifunge, maana amiba mpweke akikosa chakula au maji anajikunja anajijengea ganda anasubiri. Spora ni ganda hilo hilo lililoboreshwa. Baadae ishara ikatoka nje ya seli ikapanga kikonyo, na kwa kundi la nne ikarudishwa nyuma kabisa ikawa yowe la kuwaita watu. Njaa ni ile ile, ila badala ya kila mtu kujifungia ndani kwake wakatoka wakahama pamoja. Sisi wa Ugogo tuliosimuliwa habari za Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, tunajua kwamba zote mbili ni njia za watu kweli.

Haya, wanaokufa. Kwa discoideum ni kama moja ya tano, wanne wa tano wanakuwa spora. Na wajanja wapo, usidhani hawapo, kuna aina zinazokwepa kikonyo zikajaza kichwani tu. Kinachowazuia kutawala ni undugu: wakikusanyika seli zinakaguana, zina jeni mbili, tgrB1 na tgrC1, zinazotengeneza protini za juu ya ngozi, za kwako na za kwangu zikiingiliana tunakaa pamoja, zisipoingiliana tunatengana. Kwa hiyo anayekufa kwenye kikonyo mara nyingi anawainua watu wenye jeni zilezile zake, na jeni ya kujitoa inapanda juu pamoja nao. Kuna nyakati ukaguzi huo unapita vibaya, na hapo mjanja ndo anakula.

Oya wakuu, mi nipo Bahi, hawa jamaa naweza kuwaona mwenyewe bila maabara?
*Wa Bahi*

Amiba mmoja mmoja hapana, unahitaji hadubini. Kikonyo unaweza, kina milimita moja mpaka mbili tatu hivi, ukiwa na lenzi ya mkono ni rahisi zaidi. Wanapenda udongo wa juu wenye majani yaliyooza na unyevu, kwa hiyo usihangaike Septemba, subiri mvua, tafuta chini ya mti wenye kivuli kweli. Au fanya kama Brefeld, yeye farasi, wewe una punda: mavi mabichi kwenye kopo, karatasi yenye unyevu chini, funika bila kubana, weka kivulini, chungulia kila siku kwa wiki nzima. Ukiona kinywele chenye kichwa usishangilie kwanza, huenda ni Mucor. Angalia chini yake, kama kuna utando wa nyuzi nyuzi umetambaa huo ni ukungu, kama kimesimama peke yake hakina chochote chini, tupigie picha ututumie.