Zana za udukuzi: marufuku itamgusa nani?

Kwa nini serikali zisipige tu marufuku programu za udukuzi?

Kwa sababu mlinzi wa mtandao anatumia programu hizohizo. Nmap, programu ya kukagua mitandao iliyotoka mwaka 1997, hutuma pakiti (vipande vidogo vya data) kwenye kompyuta na kusubiri jibu: poti (mlango wa mawasiliano) ipi iko wazi, huduma gani inasikiliza. Usipoielekeza, hukagua poti 1,000 tu zinazotumika sana, kati ya 65,535. Ukizitaka zote, ongeza -p- kwenye amri. Msimamizi akikuta poti 23 ya Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, iko wazi, anaifunga. Mwizi akiikuta, anaanza kubahatisha nywila. Pakiti hazina tofauti yoyote.

Kuna nchi iliyojaribu?

Ujerumani, mwaka 2007, kupitia kifungu cha 202c cha sheria ya jinai. Kiliharamisha kutengeneza, kujipatia au kusambaza programu ambazo lengo lake ni uhalifu wa udukuzi. Lengo la programu anaamua nani? Malalamiko yalifika Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2009 ilikataa kuyasikiliza, ila ikafafanua jambo la maana: programu kufaa kwa uhalifu hakutoshi, lazima iwe imetengenezwa kwa shabaha hiyo. Ufafanuzi huo ulipaswa kuwa ndani ya sheria tangu mwanzo. Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu uhalifu wa mtandao, kifungu cha 6, ulikuwa tayari umewaondoa kwenye kosa hili wanaopima mifumo kwa idhini.

Ninazo zana hizi kwenye laptopu. Nijilinde vipi?

Pata ruhusa ya maandishi kabla ya kutuma hata pakiti moja. Ruhusa hiyo itaje anwani za IP (namba za kompyuta kwenye mtandao), tarehe na saa, mbinu zilizokatazwa, na simu ya mtu wa kupigiwa mambo yakiharibika. Soma anwani mara mbili. Tarakimu moja ikikosewa, umeshaingia kwa jirani. Kama seva ni ya kukodi, angalia pia masharti ya mwenye mashine, maana ruhusa ya mteja peke yake huenda isitoshe. Hifadhi matokeo ya Nmap kwa chaguo la -oA, yawe ushahidi wa ulichofanya. Printa kuukuu na vidhibiti vya mitambo huweza kuganda vikikaguliwa kwa kasi: tumia -T2, inayopunguza kasi, na usitumie -sV, inayochunguza matoleo ya huduma.

Na wanaouza virusi vya kuiba nywila?

Hao washitakiwe. Anayetangaza kwamba bidhaa yake inakwepa antivirusi na kumletea mnunuzi nywila za watu amekwisha kutaja lengo lake mwenyewe.