Waliniita Baba Injinia

Wiki iliyopita mama mmoja kaniandikia: "Mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni. Mwaka jana matokeo yake niliyaweka stetasi, nikapongezwa mpaka usiku. Safari hii hataki hata nione. Kosa langu nini?" Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Huyo mama ni mimi wa miaka minne iliyopita, ila mimi nina ndevu.

Binti yangu alipochaguliwa kusomea uhandisi wa umeme, barua yake niliipiga picha nikaitupia kwenye kundi la ukoo, watu 84, yeye mwenyewe hajawaambia hata rafiki zake. Hongera zikamiminika. Shemeji mmoja akaandika, "Baba Injinia!" na jina likanata. Nisiwadanganye, nililipenda. Mpaka leo nikiitwa hivyo naitika haraka kuliko nikiitwa jina nililopewa na wazazi.

Muhula wa kwanza akapata GPA, yaani wastani wa matokeo yake yote, ya 4.1 kati ya 5. Nikatuma skrinshoti nzima nzima, namba yake ya usajili ikionekana juu, kozi zote, alama zote, pamoja na C moja ambayo mjomba wake hakuiacha ipite: "Hiyo C ya michoro vipi tena?" Binti aliona. Akaweka kidole gumba, basi. Nikadhani amefurahi.

Muhula wa tatu ukawa kimya. Nikimuuliza, "Bado hawajatoa, baba." Kundini wakaanza kunichokoza, Baba Injinia mbona hatusikii kitu? Na hapa ndipo panaponiuma: nikawajibu, "Mambo safi, binti anazidi kupasua." Nilikuwa sijui lolote. Jioni hiyohiyo nikaona ule mstari mdogo wa kijivu kwenye simu. Binti yangu ametoka kwenye kundi.

Alikuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia kozi alizoanguka. Moja ya kozi ya saketi, yenye uniti nyingi, yaani uzito mkubwa, kuliko zote muhula ule. Wenye watoto chuoni mnajua, na kama hamjui mjue sasa: alama ya kila kozi hugeuzwa pointi, pointi zikazidishwa kwa uniti zake, jumla ikagawanywa kwa uniti zote, ndiyo hiyo GPA. Kozi nzito ikianguka inaziburuta nyingine. Mimi hilo nililijua baadaye sana. Siku natangaza ile 4.1, ungeniuliza inapatikanaje, ningekutolea macho.

Mama yake alikuwa anajua. Wiki tano nzima alijua, mle mle ndani ya nyumba yangu. Nilipombana aniambie kwa nini nilifichwa, akanipa maneno ya binti kama yalivyo: "Mama, usimwambie baba, atakosa cha kuwaambia watu." Hakuogopa kugombezwa. Alikuwa ananionea huruma mimi! Akaenda kufanya sapu zake bila mimi kumwambia hata "Mungu akutangulie". Alizivuka zote mbili, lakini ile dua niliyokosa kumpa hairudi.

Sasa tuongee, wazazi wenzangu. Muulizeni kwanza. Kabla hujabonyeza kutuma, muulize mtoto: hii niseme? Niseme kwa nani? Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayosema mtoto akishaingia chuo, haki juu ya kumbukumbu zake za masomo zinatoka kwa mzazi na kuwa zake, hata kama hajatimiza miaka 18. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipandwa na hasira. Ada nalipa mimi, matokeo yawe siri yake? Ikanichukua muda kukubali kwamba ada imemlipia kiti darasani, haikuninunulia mimi habari ya kutangaza.

Skrinshoti acheni kabisa, ile namba ya usajili si ya watu 84. GPA msiitaje pia, kwa sababu ukiitaja muhula huu, muhula ujao watu wanakuja kudai nyingine kama deni. Sema "anaendelea vizuri", inatosha, na hata hiyo muulize kwanza. Halafu kumbukeni humo kundini yumo mtoto wa dada yako aliyedisko mwaka jana, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli. Anazisoma hizo hongera zote, usiku, peke yake, na anajua hakuna atakayemwandikia neno. Tunajifanya tunamshukuru Mungu kumbe tunapimana. Ndiyo, tunapimana! Mimi nilipima, na wewe unayesoma umewahi kupima.

Mama uliyeniandikia, usimlazimishe akuonyeshe. Mpigie, muulize amelala saa ngapi, anaumwa au la, kisha ukae kimya. Mimi ilinichukua mihula miwili ya kukaa kimya kabla hajaanza kunisimulia mwenyewe, akianza na malalamiko juu ya mashine za maabara.

Amehitimu mwezi uliopita. GPA yake ya mwisho siwaambii. Nilimuomba ruhusa, akakataa. Makala hii ameisoma kabla yenu na sentensi mbili amezikata. Kundini hajarudi, linki nimemtumia mara mbili. Picha ya joho alinitumia mimi na mama yake tu, akaandika, "Hii bado isitoke." Nikakaa nayo siku mbili, naifungua, naifunga. Siku ya tatu naingia kwenye kundi naikuta imeshawekwa na yule shemeji, sijui aliipata wapi, hongera zimefika sabini.

Nikaweka kidole gumba.