Re: Zulia la kudumu sebuleni, Mikindani

Ndugu yangu, umeuliza zulia gani litadumu sebuleni, nyumba iko karibu na bahari na watoto wanaingia na mchanga. Kwa kweli usitandike ukuta hadi ukuta. Mchanga huzama kwenye nyuzi na kuzikata kila mtu anapokanyaga, na msimu wa mvua unyevu huleta ukungu chini yake. Weka marumaru zisizoteleza, juu yake zulia la kutoa nje na kukung'uta.

Dukani likunje, uso uelekee nje: ukiona kitako chake (kitambaa cha chini kinachoshika nyuzi) kirahisi, nyuzi ni chache, zitalala mapema na zulia litaonekana limechakaa. Zulia la nyuzi za nailoni hustahimili kukanyagwa kuliko la polista. La polipropilini, aina ya plastiki, halinyonyi maji, liweke mlangoni. Chumbani, mkeka wa ukindu unatosha kabisa.